Treki dei na gari ya zamani iliyofanyiwa modi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wenye magari ya zamani waliyoyajenga wenyewe au na fundi wao, wanataka kuyapeleka uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza na wanataka kurudi nayo nyumbani yakiwa mazima. Majibu hayalingani urefu, breki na oili zimekula nafasi kubwa kwa sababu ndizo zinazomaliza siku za watu wengi kabla ya saa sita mchana.

Treki dei ni mashindano?

Hapana. Unalipia muda wa kuendesha kwenye uwanja uliofungwa, hakuna mshindi na waandaaji wengi wanakataza kabisa kupima muda wa raundi, maana saa ikishaingia watu wanaanza kushindana na hapo masharti ya bima yanabadilika. Mara nyingi mnagawanywa makundi kulingana na uzoefu, kila kundi linaingia dakika 15 au 20 kisha linatoka, hiyo ndiyo sesheni. Kuna siku nyingine geti linaachwa wazi unaingia na kutoka unavyotaka. Kwa gari ya zamani mimi nasema tafuta ile ya makundi hata kama ya wazi inaonekana inakupa muda mwingi, kwa sababu ule muda wa kukaa nje unailazimisha gari ipoe na unakulazimisha wewe ufungue boneti uangalie kinachoendelea.

Gari yangu ina zaidi ya miaka 50, wataikubali?

Umri hausumbui mtu. Mini, MGB, Ford Escort za mwanzo, Datsun 240Z, BMW 2002, zote hizi utazikuta kwenye treki dei na zinaenda vizuri tu. Kinachoangaliwa kwenye ukaguzi ni vitu vya kawaida: gari isivuje chochote, steringi isiwe na mchezo, taa za breki ziwake, beringi za magurudumu zisicheze ukilishika gurudumu juu na chini ukalitikisa, kabureta iwe na springi mbili za kurudisha mafuta ili moja ikikatika nyingine ifunge, na ndani ya gari pasiwe na kitu kinachozurura. Halafu betri. Yaani inashangaza ni magari mangapi yaliyotumia miaka kujengwa yanarudishwa mlangoni kwa sababu betri imefungwa na kamba ya mpira. Ifunge kwa chuma na bolti, na kichwa cha chanya ukifunike.

Nianze na modi gani?

Hili ndilo swali kubwa na jibu langu halijawahi kubadilika: kusimama kwanza, halafu oili, halafu kupoza, nguvu mwishoni kabisa. Gari ikitoka kiwandani vitu vyake vinalingana, breki zinatosha ile injini, rejeta inatosha ule moto, tairi zinatosha zile habu, yaani vitovu vinavyoshika magurudumu. Ukiongeza kitu kimoja ule ulinganifu umeuvunja, na barabarani huwezi kuona kwa sababu barabarani hukanyagi mpaka mwisho kwa dakika 20 mfululizo. Treki inakanyaga. Itatafuta sehemu dhaifu kuliko zote na itaipata.

Chukua hesabu ndogo. Gari ya kilo 1000 ukiisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa, breki zinameza karibu kilojuli 250 za joto. Kutoka kilomita 160 zinameza karibu 990. Spidi umeongeza mara mbili, joto limekuwa mara nne, na breki ni zilezile zilizochorwa kwa injini ya nguvu nusu ya uliyoweka. Na hiyo ni mara moja tu, kila raundi ina kona kadhaa za kusimamia namna hiyo na hakuna muda wa kupoa katikati.

Breki fluidi nitumie ipi?

Mpya. Hilo ni muhimu kuliko namba iliyoandikwa kwenye chupa. Breki fluidi ya kawaida inanyonya unyevu kutoka hewani, na ikishanyonya inachemka mapema sana. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi ikiwa mpya, lakini ikishaingia maji ni 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji, DOT 5.1 ni 260 na 180. Zile za mbio zinavuka 300 zikiwa mpya ila zinataka kubadilishwa mara kwa mara zaidi. Kwa wengi wetu DOT 4 nzuri iliyobadilishwa wiki ile ya kwenda inatosha.

Fluidi ikichemka inatengeneza mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyezeka. Utaijua: unafika mwisho wa sehemu iliyonyooka, unakanyaga, pedali inashuka laini kama haijagusa kitu, unakanyaga tena harakaharaka inapanda kidogo. Ukiipata hiyo hali pampu pedali, punguza gia, maliza raundi polepole kisha toka nje. Usijiambie labda itakuwa sawa raundi ijayo, haitakuwa.

Alafu kuna hii ya magari ya zamani: wengi wanaweka DOT 5, ile ya silikoni, kwa sababu haili rangi na hainyonyi maji. Kwa gari ya kukaa gereji ni sawa, kwa treki siipendekezi, inashika vipovu vya hewa na pedali inakuwa ya sponji ikipata moto. Na usije ukaichanganya na zile nyingine, ukitaka kuhama inabidi mfumo wote usafishwe na mipira ibadilishwe.

Ukishafika kwenye fluidi, badilisha na hosi za mpira. Hosi ya miaka mingi inaonekana nzima kwa nje wakati ndani imevimba, unaachia pedali breki haiachii, diski inaendelea kuungua upande mmoja.

Gari yangu bado ina drum pande zote, niende?

Unaweza kwenda ila ujue unachoenda nacho. Drum, lile pipa la breki, ikipata moto inatanuka na kukimbia viatu vinavyoibana kwa ndani, kwa hiyo pedali inashuka hata kama fluidi haijachemka. Na viatu vya drum vinajivuta vyenyewe, kwa hiyo upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwingine gari inavuta kushoto au kulia wakati wa kusimama, na hapo ndipo watu wanapotoka nje ya lami. Raundi mbili au tatu kwa nguvu, moja ya kupoza, ndiyo mwendo wa gari ya drum. Ukipata diski za mbele zinazoingia kwenye gari yako, nunua hizo kabla ya kabureta mpya. Nyuma drum zinaweza kubaki bila shida.

Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana kitu kibaya zaidi ya drum, yana saketi moja ya breki. Hosi moja ikipasuka unakosa breki zote nne kwa pamoja. Masta silinda ya saketi mbili inaingia kwenye magari mengi bila kazi kubwa na ningeiweka hata kama gari haitaenda treki kamwe. Kama bado hujaiweka basi hakikisha handbreki inashika kwelikweli.

Mbona presha ya oili inashuka kwenye kona?

Kwa sababu oili haipo pale pampu inapovutia. Kona ikikuvuta kwa g 1, yaani nguvu sawa na uzito wako, uso wa oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unalala nyuzi 45, yote inakimbilia ukutani na bomba la kuvutia linabaki linanyonya hewa. Beringi za krenki, shafti kuu ya injini, zinaishi juu ya utando mwembamba wa oili, utando ukikosekana sekunde chache chuma inagusa chuma. Barabarani huwezi kukaa kwenye kona sekunde tano au sita kwa nguvu hiyo, kwenye treki ni kawaida, na kona ndefu ya mwendo kasi ndiyo muuaji.

Kwanza weka geji ya presha ambayo unaweza kuiona bila kuitafuta, pamoja na taa kubwa inayowaka presha ikianguka, maana kwenye kona macho yako yako nje. Sheria ya zamani ya mafundi ni presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika ikiwa na moto, si sheria ya dini ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Jaza oili hadi alama ya juu kabisa. Halafu weka sampu yenye vizuizi vya ndani vinavyozuia oili isikimbie, hii ni modi rahisi na ndiyo inayookoa injini nyingi kuliko modi yoyote ninayoijua. Sindano ikicheza kwenye kona hata baada ya hapo, punguza spidi kwenye hiyo kona siku nzima. Ndiyo, ile kona tamu kuliko zote, ndiyo hiyohiyo.

Oili yenyewe: injini nyingi za zamani kamshafti yake, shafti inayofungua vali, inasuguana moja kwa moja na tapeti, hizo zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha, na oili za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki kwa ajili ya kulinda katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi. Soma kopo. 20W-50 yenye zinki bado ni chaguo la kueleweka kwa injini ya aina hiyo. Joto la oili kati ya nyuzi 90 na 110 ni zuri, likifika 130 toka nje. Wenye Mini kumbukeni injini na giaboksi zinakunywa oili moja, gia zinaikatakata, kwa hiyo badilisheni mapema kuliko wengine.

Niweke semi-sliki?

Hizo ni tairi za kushika sana, karibu na za mbio. Siku ya kwanza hapana, na si kwa sababu ya gharama. Tairi inayoshika sana inapeleka nguvu yote ile kwenye habu, beringi, bolijointi, bushi na viungo vya chesisi ambavyo vilichorwa enzi za tairi nyembamba zinazoteleza. Pia inafanya ile shida ya oili niliyoitaja hapo juu kuwa mbaya zaidi, kwa sababu kona inavuta zaidi. Nimeona gari ambayo iliendeshwa vizuri kabisa miaka na tairi za kawaida, ikavaa semi-sliki, sesheni ya pili gurudumu la mbele limelala kwa sababu shafti fupi ya habu imekatika. Kwa hiyo tairi za aina hiyo zinakuja pamoja na beringi mpya, habu zilizokaguliwa nyufa, na sampu yenye vizuizi, si kabla.

Tairi nzuri ya barabarani inakufundisha zaidi. Inalia kabla haijaachia, inaachia polepole, na gari ya zamani inapendeza sana ikiteleza kidogo kwa spidi ambayo bado una muda wa kufikiri.

Ila hata tairi ya kawaida iangalie umri. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho, mfano 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, hiyo tairi imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na kwenye magari ya zamani yanayotembea kidogo hizo zipo nyingi na bado zina meno marefu yanayodanganya. Itoe, hata kama inaonekana mpya.

Na rimu za spoki?

Chukua spana ndogo, zunguka gurudumu ukigonga spoki moja moja taratibu. Zinatakiwa zilie kwa mlio unaofanana, ile inayotoa sauti iliyokufa imelegea au inakaribia kukatika. Fanya hivyo kabla ya kila sesheni. Na spoki pamoja na tairi za kushika sana ni ndoa isiyodumu, weka rimu za chuma au aloi kwa ajili ya siku hiyo.

Upepo wa tairi niweke kiasi gani?

Anza na kiwango cha kawaida cha gari yako zikiwa baridi, endesha raundi chache, toka nje upime mara moja zikiwa za moto. Joto la hewa ya ndani likipanda nyuzi 10 upepo unaongezeka karibu psi 1 na nusu, kwenye treki kupanda psi 6 hadi 10 ni jambo la kawaida. Unachotafuta ni ile namba ya moto, kwa hiyo utapunguza mpaka ikae pale. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu begani, kama lami imekula kuvuka ile alama kwenda ubavuni upepo ni mdogo au kambari, mwinamo wa gurudumu, haitoshi, kama haijaifikia kabisa upepo ni mwingi. Usisahau kurudisha upepo kabla ya kuingia barabarani jioni.

Gari inachemsha, nitoe thamostati?

Usitoe, hiyo ndiyo vali inayodhibiti mzunguko wa maji kulingana na joto. Maji yatazunguka bila mpangilio, na kwenye injini nyingi presha ndani ya vichwa vya silinda inashuka ndiyo inayoleta mapovu ya mvuke pale penye moto mkali. Weka thamostati nzima, kisha angalia hewa inaenda wapi. Magari mengi ya zamani yana uwazi pembeni ya rejeta na hewa inapita hapo kwa sababu ni rahisi kuliko kupita kwenye rejeta, ziba kwa bati au foamu na utaona geji inashuka bila kununua chochote. Kama feni ni ya umeme iwe na kifuniko chake cha kuzunguka.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi, kila psi 1 inapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1.5, kwa hiyo mfuniko wa psi 7 uliochoka ukiubadilisha na mpya wa psi ileile tayari umepiga hatua. Kupandisha hadi 13 fanya tu kama rejeta, hosi na hita ni vipya. Na waandaaji wengi wanataka maji matupu bila kizuia kuganda, kwa sababu kile kimiminika kikimwagika kwenye lami kinateleza vibaya na hakikauki. Uliza kabla.

Nimeweka injini kubwa zaidi, kuna nini cha ziada?

Mauntingi, vile vishikio vya injini. Watu wanafikiria propela, difu, klachi, na ni kweli vyote hivyo viangaliwe, lakini maunti ya mpira iliyozeeka ikikatika injini inainuka na inaweza kuvuta kebo ya pedali ya mafuta, mafuta yakabaki yamefunguka. Si hadithi ya vijiweni hii, mwaka 1971 General Motors waliita yarudi kurekebishwa magari karibu milioni 6.7 ya kuanzia 1965 hadi 1969 kwa sababu ya hilihili, maunti inaachana, injini inanyanyuka, mafuta yanafunguka. Weka mauntingi mapya au yenye kufungwa kwa bolti yasiyoweza kuachana, na swichi ya kuzima injini iwe mahali unapofika ukiwa umefungwa mkanda.

Uzito nao. Injini nzito mbele pua inagoma kukata kona, na mtu anaanza kulaumu springi.

Kabureta inakohoa kwenye kona za upande mmoja tu

Mafuta kwenye chemba ya kuelea, kijibakuli cha petroli ndani ya kabureta, yanakimbilia upande mmoja kama oili inavyofanya kwenye sampu. Ikikohoa kona za kulia tu huku za kushoto iko sawa, basi shida iko hapo. Rekebisha kimo cha kuelea, na hakikisha tangi halijashuka chini ya nusu, maana tangi la zamani halina vizuizi na pampu inavuta hewa. Watu wanaanza kufungua plagi na distribyuta, mchana unaisha, kumbe lilikuwa tangi. Hosi za petroli zilizozeeka zibadilishe zote kwa zile zinazostahimili ethanoli, uvujaji wa petroli juu ya ekzosi ni moto na hauna mjadala.

Mkanda wa pointi nne ni salama zaidi ya wa kawaida?

Ukiwa na kiti sahihi na roli ba, bomba la chuma linalolinda kichwa gari ikipinduka, ndiyo. Peke yake, hapana. Ile mikanda ya mabega ikifungwa sakafuni nyuma ya kiti cha zamani, gari ikigonga inakusukuma chini na uti wa mgongo ndio unaobeba. Inatakiwa itoke mabegani ikienda nyuma karibu ulalo, isishuke zaidi ya nyuzi 20 hivi. Pia mkanda unakushikilia wima, paa likilala huwezi kuinama, ndiyo maana roli ba inakuja nayo. Kama huna hivyo viwili baki na mkanda mzuri wa pointi tatu. Kiti kisicho na egemeo la kichwa, ambavyo magari mengi ya zamani ndivyo yalivyo, kibadilishe kwanza.

Gari ya wazi bila roli ba nyingi hazikubaliwi, na kipimo cha kawaida ni kichwa chako na helmeti kikae sentimita 5 chini ya mstari unaotoka juu ya ile ba kwenda mbele.

Roli keji, yaani kizimba cha mabomba ya kukuzunguka, na kichwa ambacho hakina helmeti havikai pamoja, kama gari bado inatumika barabarani funika mabomba kwa pedi ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Helmeti ya pikipiki inafaa?

Uliza muandaaji, baadhi wanakubali, wengi wanataka yenye lebo ya Snell SA, kiwango cha helmeti za mbio za magari. Tofauti ni kwamba SA inapimwa kwa moto na kwa kugonga bomba la roli keji, ile ya herufi M ni ya pikipiki na haipimwi kwa moto. Matoleo yanakwenda kwa miaka, SA2015, SA2020, SA2025, na mara nyingi yanakubaliwa mawili ya karibuni. Vaa na nguo za pamba za mikono mirefu, nailoni inayeyukia ngozini.

Ekzosi yangu ina kelele

Pima kabla hujaenda. Kipimo cha gari iliyosimama kinafanyika nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Kikomo kinatofautiana uwanja na uwanja, vingi vinazunguka desibeli 100, vingine chini zaidi, na vingine vinapima pia ukiwa unapita. Sailensa ya ziada ya kufunga mwishoni inaokoa siku nzima.

Bendera nizijue zipi?

Njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu sesheni imesimama, punguza huku ukiangalia kioo, na hapa sikiliza maelezo ya asubuhi kwa makini kwa sababu viwanja vingine wanataka urudi piti, eneo la kuegesha na kutengeneza magari, polepole, vingine wanataka usimame pembeni. Buluu kuna mwenye kasi nyuma yako. Nyeusi unaitwa nje wewe. Nyeusi yenye duara la chungwa gari yako ina hitilafu, labda inavuja. Mistari ya njano na nyekundu lami inateleza.

Kuhusu kupitana, kwenye treki dei nyingi unapitwa pale tu wewe uliye mbele ukiruhusu, kwa mkono au indiketa, sehemu zilizopangwa. Gari ya zamani yenye nguvu nyingi inawatesa wengine kwa hili, inakimbia kwenye mnyooko na inachelewa kwenye kona, mwenye gari anaona hakuna anayempita kumbe kuna foleni nyuma yake. Achia mafuta kidogo kwenye mnyooko, waache wapite, ndiyo heshima ya uwanja.

Gari ya injini nyuma ina tofauti gani ya kuendesha?

Kubwa. Kama ni Volkswagen Beetle ya zamani yenye ekseli za nyuma zinazobembea, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona sehemu ya nyuma inanyanyuka, gurudumu la nje linakunja chini ya gari na mkia unaondoka bila kuaga. Porsche 911 za mwanzo nazo zilikuwa na tabia ya mkia kutoka ukiachia mafuta, mpaka kwa modeli ya 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kurefusha umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa zote dawa ni moja, maliza kusimama gari ikiwa imenyooka, ingia kona kwa spidi ndogo kuliko unavyodhani, kanyaga mafuta kidogo na usiyaachie hata ukiogopa. Hasa ukiogopa.

Bima yangu ya kawaida inanilinda?

Mara nyingi hapana, hata ile ya magari ya zamani yenye thamani mliyokubaliana. Soma mkataba au uliza kwa maandishi. Kuna bima za siku moja. Uliza pia nani analipa uzio wa uwanja ukiugonga, viwanja vingine vinakudai wewe.

Nibebe nini?

Toki renchi, spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwanza. Nati za magurudumu zikazwe kwa kipimo asubuhi na zirudiwe baada ya sesheni ya kwanza gari ikishapoa, na ukiwa na spesa, bamba linalosogeza gurudumu nje, hakikisha nati inaingia kwenye stadi, ile bolti ya gurudumu, angalau urefu sawa na unene wa stadi, stadi ya milimita 12 iingie milimita 12. Beba breki fluidi ambayo haijafunguliwa, oili, maji mengi, geji ya upepo, jeki, waya, tepu, kebo ya ziada ya mafuta na feni belti. Kizima moto cha kilo 2 kwenye kishikio cha chuma kilichofungwa kwa bolti. Utatumia pia kwa majirani, kwenye piti watu wanaazimana kila kitu na marafiki wengi wa magari wanaanzia hapo.

Sesheni ya kwanza niiendeshe vipi?

Raundi ya kwanza polepole yote, kupasha oili na tairi na kutafuta wanapokaa wenye bendera. Halafu ongeza kidogo kidogo, gia moja juu kuliko unavyotaka, ukiacha mizunguko 1000 chini ya kikomo cha injini. Kaa na mwalimu kama yupo, hata kama umeendesha miaka mingi. Toka kabla ya muda kuisha kama unahisi chochote, harufu, mtetemo, pedali iliyobadilika. Raundi ya mwisho usiguse breki kabisa ukiweza, hewa ipite. Ukishaegesha usivute handbreki, viatu vitashikana na drum ya moto, weka gia na kigingi chini ya gurudumu, na injini iachie inguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Baada ya siku yenyewe nifanye nini?

Ukifika nyumbani iache ipoe usiku. Kesho yake toa magurudumu yote, angalia pedi zimeliwa sawa ndani na nje, angalia diski kwa nyufa zinazofika ukingoni, shika bushi na bolijointi, pita chini ya gari na tochi ukitafuta vumbi jipya la chuma, oili mbichi au bolti iliyohama kutoka kwenye alama ya rangi uliyoipiga. Toa upepo kwenye breki, fluidi inayotoka ikiwa imeiva rangi ya chai badilisha yote. Oili ya injini imwage ikiwa ya uvuguvugu, kwenye beseni safi, chini ya jua, na uifungue filta uitandaze karatasi yake. Unga mweusi kidogo ni kawaida. Ukiona mng'ao wa rangi ya shaba hizo ni beringi za krenki zimeshaanza kuliwa, usiiwashe tena hiyo injini mpaka sampu ifunguliwe.